Abiria Si Mhalifu

Ndugu mwanamageuzi, ukitaka kuupima utawala, usiupime siku ya gwaride. Upime siku ya maafa, tena penye kivuko na steji ya matatu, kwani hapo ndipo mnyonge hukutana na serikali yake.

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu 213 walifariki humo na maelfu wakajeruhiwa. Ni nani aliyewafikisha majeruhi hospitalini? Wengi walipakiwa na wananchi wenzao katika matatu na magari ya watu binafsi. Manamba yule yule tunayemwita mhuni akawa Msamaria. Hakungoja waraka wala kibali.

Sasa litazameni jibu la dola. Tarehe 25 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ianze tarehe 27. Matatu ya abiria 14 nayo iliamriwa ibebe 8 tu. Saa zimepunguzwa, viti vimepunguzwa, lakini watu wanaorudi nyumbani ni wale wale. Hata mtoto wa shule angeona kwamba hesabu hii haitoki.

Pale Likoni haikutoka. Mtu wa miguu atokaye kisiwani Mombasa hakuwa na njia nyingine ila feri, na foleni ikafurika. Jioni ya tarehe 27, kabla ya saa ya kafyu kuwadia, polisi waliwavamia abiria kwa virungu na vitoa machozi. Amri iliyotungwa ili watu wasikaribiane ikawalundika pamoja, wakikohoa na kujipangusa macho. Je, kosa lao lilikuwa lipi? Kwamba walitoka kazini?

Watetezi wa serikali watasema ugonjwa ulikuwa mgeni. Naam, ugonjwa ulikuwa mgeni, lakini kivuko hakikuwa kigeni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272. Ilikuwa miaka 26 ya onyo. Watasema pia kwamba Rais aliomba radhi. Aliomba, lakini radhi haiongezi feri hata moja.

Sheria haina utata. Tarehe 16 Aprili 2020 Mahakama Kuu iliiacha kafyu isimame, ila ikaamua kwamba kuitekeleza kwa nguvu zisizo za haki ni kuvunja Katiba. Kifungu cha 28 kinalinda utu wa kila mtu. Hakisemi utu huo hulala likizo siku ya dharura.

Kwa hiyo tudai jambo moja lililo wazi: kila amri ya dharura inayogusa usafiri itangazwe pamoja na hesabu yake. Abiria ni wangapi? Vyombo ni vingapi? Ni safari ngapi zitaongezwa kabla ya saa ya mwisho? Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kuzipata habari hizo. Ziombeni kwa maandishi, kwa jina la parokia na la chama, na nakala mzisome hadharani baada ya ibada.

Serikali isiyojua kuhesabu abiria itaendelea kuhesabu maiti. Tusikubali.