Selimundu Nyanda za Juu: tathmini ya muuguzi ndiyo mwanzo wa tiba

Mgonjwa wa selimundu anayeondoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na kushuka Mbeya mwezi wa Julai hupanda zaidi ya mita 1,000 kwa safari ya saa chache, kutoka kwenye joto hadi kwenye baridi kali. Anayetoka bonde la Pawaga kwenda Iringa mjini naye hupanda kutoka kwenye joto hadi kwenye baridi. Baridi hubana mishipa midogo, chembe nyekundu zilizojipinda kama mundu hukwama, na maumivu ya mifupa huanza. Kwa hiyo, katika Nyanda za Juu Kusini, kumuuliza mgonjwa alikotoka na jinsi alivyosafiri ni sehemu ya tathmini.

Tanzania hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwa kuwa ugonjwa huu umeenea zaidi Pwani na Kanda ya Ziwa, ni rahisi mhudumu wa nyanda za juu asiufikirie. Lakini watu huhama, huoa na huolewa, na ugonjwa wa kurithi huhama nao.

Kosa linaloumiza zaidi ni kutokuamini maumivu. Hakuna kipimo cha maabara kinachoyaonyesha. Kauli ya mgonjwa ndiyo kipimo. Aliyeishi na maumivu tangu utotoni aweza kuzungumza na jirani yake kwenye benchi huku akiumia vikali. Anayeomba mofini kwa jina amejifunza kwa uzoefu kinachomsaidia, na hilo pekee si ushahidi wa uraibu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 unataka dawa ya kwanza itolewe ndani ya dakika 30 tangu mgonjwa afike, kisha maumivu yapimwe tena kila dakika 30 hadi yatulie.

Baada ya maumivu, muuguzi atazame hatari zilizojificha. Wengu huharibika mapema, hivyo homa ya nyuzi 38.5 au zaidi ni dharura hata mtoto akiwa anacheza. Upungufu wa damu utafutwe ndani ya kope, kwenye ulimi na viganjani, kwa maana ngozi nyeusi huuficha. Maumivu ya kifua yenye kuhema haraka, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, humhitaji daktari papo hapo. Mama naye afundishwe kupapasa tumbo chini ya mbavu za kushoto. Wengu ukivimba ghafla na mtoto akipauka, asisubiri asubuhi.

Akiongezewa damu, dakika 15 za mwanzo muuguzi awe karibu naye, kwani madhara makubwa mara nyingi hujitokeza mapema.

Zipo wodi ambazo muuguzi mmoja huhudumia wagonjwa wengi, na hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kuuliza kiwango cha maumivu kati ya 0 na 10 huchukua chini ya dakika moja. Kinachokosekana mara nyingi ni idhini: hospitali ziandike utaratibu unaomruhusu muuguzi kuanza dawa ya maumivu kabla daktari hajafika.

Mgonjwa naye avae nguo za joto, anywe maji ya kutosha, asiache haidroksiurea bila ushauri, na aseme mara tu anapofika mapokezi: "Nina selimundu." Kauli hiyo yatosha kumtoa kwenye foleni.