Daftari la Wiki: Si Kila Kinyesi ni cha Chui

Nimo kwenye kundi la WhatsApp la wapenda kutembea msituni, kwa hisani ya shemeji yangu. Kila Jumapili jioni picha zinaanza kuingia: donge la kinyesi katikati ya njia, na chini yake swali, "Wakuu, huyu ni nani?" Kabla swali halijapoa mtu ameshajibu: chui. Iwe Pugu, iwe Uluguru, iwe nyuma ya shule ya msingi, ni chui. Kwa hesabu ya kundi lile, Mkoa wa Pwani una chui wengi kuliko mbuzi.

Hakuna anayetaka kukutana na fungo. Na mara nyingi ndiye. Jumapili hii tulikuta pembeni mwa njia, chini ya mti, rundo la siku tofauti, bichi juu ya kuukuu. Hiyo peke yake ni dalili, maana fungo ana choo chake na hurudi palepale. Donge lake ni kubwa kuliko mwili wake unavyoruhusu kudhani, na hapo ndipo watu wanapopotea. Nikachukua kijiti nikapasua lililokauka. Ndani mlikuwa na pete za jongoo, nyeusi, zinang'aa, tele. Mbegu za matunda zikiwa nzima. Na nyasi kidogo. Wanyama wengi humpisha jongoo kwa ajili ya sumu yake, fungo humtafuna. Kingekuwa cha chui tungekuta manyoya yaliyosokotana na vipande vya mifupa. Shemeji akapiga picha, akatuma pamoja na maelezo yote hayo.

Jibu la kwanza: "Chui mdogo."

*

Halafu jamani, weka kitu kando ya donge kabla ya kupiga picha. Sarafu, kalamu, kandambili, chochote. Bila hivyo panya buku na simba wanalingana.

*

Twiga, mnyama mrefu kuliko wote duniani, anatoa vijonge vya sentimita mbili tatu, vimechongoka upande mmoja na kutawanyika kwa sababu vimetoka mbali. Kuna watu wenye mbwembwe zaidi kwa kazi ndogo zaidi.

*

Kinyesi cha fisi kikiwa kibichi huwa na ukijani, kikikauka kinakuwa cheupe kama chaki, kwa sababu ya mifupa anayosaga. Bwana mmoja kijijini alininong'oneza kwamba kina matumizi. Sikuuliza.

*

Mkojo wa pimbi ulioganda mwambani kwa miaka na zabadi ya fungo vyote vimewahi kuingia kwenye manukato ya bei mbaya. Mnaojipulizia kabla ya ibada, kazi kwenu.

*

Sasa tembo. Huyu hahitaji mtaalamu. Hata aliyetoka kilabuni atajua kwamba aliyepita hapa si sungura. Anakula mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku, na chini ya nusu ya alichokula ndiyo inayomeng'enywa, ndiyo maana ukipasua donge lake unakuta magome, vijiti na mbegu. Hivyo vijiti vitazameni vizuri: vya tembo vimechanika nyuzinyuzi, vya faru mweusi vimekatwa mshazari, safi. Mahali walipo wote wawili, ncha ya kijiti inamaliza ubishi.

Lakini kilichonikalisha na daftari wiki hii ni ule utelezi unaofunika donge bichi. Ndani yake mna chembe za utumbo wa tembo mwenyewe, na ndani ya chembe mna vinasaba. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walitumia sampuli za kinyesi cha tembo kutoka nchi nyingi za Afrika, wakachora ramani: vinasaba vya namna hii, tembo wa huku. Kisha wakachukua meno ya tembo yaliyokamatwa, shehena 28, kila moja nusu tani au zaidi, wakayalinganisha na ramani. Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika jarida la Science. Kwa tembo wa savana, sehemu kubwa ya meno yaliyokamatwa tangu 2006 ilielekeza kidole kusini mashariki mwa Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji. Selous yetu hiyo. Mwaka huohuo serikali ikatangaza hesabu: tembo 109,051 mwaka 2009, tembo 43,330 mwaka 2014.

Fikirieni biashara ile ilivyokuwa imejificha. Karatasi zimeghushiwa, kontena limezungushwa bandari hadi bandari, dalali hamjui dalali mwenzake. Mzigo ukikamatwa Asia, kila nchi inasema si wangu. Halafu inakuja habari kutoka kwenye rundo la mavi porini, ambalo hakuna aliyewaza kulihonga. Mwaka 2019 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimpa yule mfanyabiashara aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu kifungo cha miaka kumi na mitano, nami nilifurahi kama ninyi. Ila tofauti ya hesabu zile mbili ni zaidi ya tembo 65,000, na majina tuliyosikia mahakamani hayatoshi kubeba meno yote hayo.

*

Udzungwa, watafiti walivipima vijonge vya funo, minde na paa wadogo, kisha wakavipeleka kwenye vinasaba. Vipimo vikaonekana vinaingiliana; kwa macho tu huwezi kuapa. Kundini kwetu kuna mwenzetu anawatenganisha kwa picha ya simu iliyopigwa magharibi.

*

Barabara kuu inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na nyani wameshajua ratiba ya mabasi kuliko makondakta. Kando ya lami nimekiona kinyesi cha nyani chenye karatasi ya plastiki ya biskuti, imetoka ilivyoingia, hata bei ya ofa inasomeka. Nimeshaandika humu kuhusu abiria wanaotupa taka madirishani mpaka mhariri kachoka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio havikuguswa, na dirisha la basi bado linafunguka.

*

Mahale, Novemba 1987. Sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, anamenya matawi machanga ya mjonso na kutafuna kiini chake kichungu. Wanaomtazama ni mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mjuzi wa mitishamba. Aliyejua kwamba ile ni dawa alikuwa Kalunde, kwa sababu watu wake waliitumia. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nafuu. Miaka michache kabla, watafiti walishaona kwenye kinyesi cha sokwe wa Gombe na Mahale majani mazima, yamemezwa bila kutafunwa; baadaye ikafahamika kwamba minyoo hutoka nayo.

Wiki hii nimewauliza vijana wa chuo kama wanalijua jina la Kalunde. Wakanitajia Jane Goodall. Mama yule apumzike kwa amani, lakini sikuwa nimeuliza hilo.

*

Kijiti, si kidole. Kinyesi cha walao nyama hubeba mayai ya tegu, na tegu hajali kwamba wewe ni mpenda mazingira.

*

Kule Mwaluganje, Kwale, nchini Kenya, nyuzi za kinyesi cha tembo hutengenezewa karatasi, nzuri tu, unaiandikia na kuikunja. Nazitaarifu kamati za harusi zenye namba yangu ya simu. Karatasi yenyewe hainuki. Kinachonuka ni laki moja singo, laki na nusu dabo, mwisho wa kutoa Ijumaa.