Mpakani tumpe mama benchi la kunyonyeshea

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya forodha katika mmoja wa mipaka yetu ya Afrika Mashariki. Sitautaja, kwa sababu nikiutaja msomaji atadhani mingine ina nafuu. Mbele yangu alisimama mama mwenye kichanga cha kama miezi miwili. Miguuni alikuwa na viroba viwili vya maharage, mkononi hati ya kusafiria na karatasi za mzigo. Mtoto alipoanza kulia, mama aliizungusha mbeleko kutoka mgongoni hadi ubavuni, akafungua vifungo vya blauzi na kumpa titi, huku akiendelea kusogea na foleni.

Mwili wa mtoto ulitazama barabarani, shingo imegeuzwa upande ili mdomo ufike kwenye chuchu. Kila foleni ilipopiga hatua, chuchu ilivutika, na mama alikunja uso. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalia, akashika tena. Waliokuwa nyuma yetu walianza kunong'ona kwamba maziwa ya mama yule hayatoshi na afadhali anunue ya kopo. Duka la maziwa ya kopo lilikuwa hatua thelathini kutoka pale.

Maumivu yale nayajua. Mwanangu wa kwanza alinichubua chuchu zote mbili ndani ya wiki moja, nikawa naogopa kilio chake kama mtu anavyoogopa simu ya mdai. Nilidhani ndiyo kawaida ya kunyonyesha. Muuguzi wa kliniki alinitazama dakika mbili tu, akamtoa mtoto kwenye titi na kumgeuza tumbo lake liguse tumbo langu, kisha akaniambia nisubiri mpaka afungue mdomo kama anayepiga mwayo. Vidonda vilipona bila dawa yoyote. Kosa lilikuwa namna ya kumshika na kumweka.

Ndiyo maana nasema yule mama wa foleni huenda hakuwa na upungufu wa maziwa hata kidogo. Alikosa mahali pa kuketi.

Mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi. Maziwa hutoka vizuri pale mdomo unapochukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya lile eneo jeusi linaloizunguka, chuchu ikafika nyuma kinywani penye kaakaa laini. Akishika ncha tu, chuchu inasuguliwa kati ya ulimi na kaakaa gumu la mbele. Hapo ndipo michubuko inapoanza. Na kwa sababu amebana ncha, anapata maziwa kidogo, analia, anataka titi kila mara, na mama anaamini amekauka. Ananunua kopo. Mtoto akishiba kopo ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya wiki chache maneno ya wale wa kwenye foleni yanakuwa kweli, ingawa siku yalipotamkwa yalikuwa uongo.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hesabu hiyo ni nzito kuliko kwa mwingine. Kopo ni fedha inayotoka kwenye mtaji. Linataka maji yaliyochemshwa na chombo safi, vitu ambavyo kwenye stendi ya malori si rahisi kuvipata. Nimeona pia akina mama wakiongeza maji ili unga ufike mwisho wa juma, na mtoto anayenyweshwa hivyo anajaa maji bila chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Ushauri huo umebandikwa kwenye kuta za kliniki pande zote za mipaka. Nani ameubandika ukutani mwa forodha?

Kabla sijarudi kwa wenye majengo, niseme na mama mwenyewe, maana mpaka benchi lije, mtoto atakuwa ameshalia mara nyingi.

Dada, ukifika mpakani na mtoto ana njaa, toka kwenye foleni. Mwombe aliye nyuma yako akushikie nafasi, keti juu ya kiroba na mgongo uegemee ukuta. Kama miguu inaning'inia, weka kifurushi kidogo chini yake ili mapaja yainuke. Mfungue mtoto kwenye mbeleko kabisa. Mgeuze akutazame, tumbo kwa tumbo, sikio, bega na nyonga vikae kwenye mstari mmoja. Jaribu wewe mwenyewe kumeza maji huku umegeuza shingo begani, utaelewa kwa nini mtoto wa ubavuni anahangaika.

Pua yake iwe mkabala na chuchu, siyo mdomo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu na usubiri. Subira hii ndiyo inayotushinda kwenye foleni. Akifungua mdomo mkubwa, mlete haraka kwenye titi, kidevu kikitangulia. Usiinamie kumpelekea titi mdomoni, utaumwa mgongo na yeye atashika ncha. Mshike mabegani na chini ya shingo. Ukimsukuma kisogo atarudisha kichwa nyuma, ndivyo walivyoumbwa.

Akishika vizuri utaona kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa, na weusi unaoonekana juu ya mdomo ni mwingi kuliko wa chini. Ataanza kwa kunyonya haraka, halafu polepole na kwa kina, akipumzika kidogo, na utamsikia akimeza. Mvuto wa mwanzo unaweza kuuma kidogo siku za kwanza, lakini maumivu yakiendelea usivumilie. Ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo wake ili aachie, kisha anza upya. Chuchu ikitoka imebanwa bapa kama imepitishwa kati ya vidole, alikuwa ameshika vibaya hata kama hukusikia maumivu.

Wengi wetu tulifundishwa na mama zetu kubana titi kwa vidole viwili, kama mkasi, ili pua isizibwe. Kwa heshima zote kwa mama zetu, vidole hivyo humvuta mtoto kwenye ncha na vinaweza kuzuia maziwa yasitiririke. Pua ikizibwa, vuta makalio ya mtoto karibu zaidi na mwili wako. Kichwa kitalala nyuma kidogo na pua itapata nafasi yenyewe.

Kuna jambo jingine ninalolisikia sana masokoni, kwamba mama aliyeshinda juani maziwa yake huchacha titini, hivyo akirudi jioni ayakamue na kuyamwaga kabla ya kunyonyesha. Maziwa hayachachi ndani ya titi, hata ukishinda juani tangu asubuhi. Kama titi limejaa mpaka limekuwa gumu, kamua kidogo kwa mkono ili lile eneo jeusi lilainike, maana mtoto hawezi kushika kitu kigumu kama mpira. Unakamua ili ashike vizuri, si kwa sababu maziwa yameharibika.

Na kama unamwacha nyumbani kwa bibi yake, kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Bila jokofu yasizidi saa 4, na bibi amnyweshe kwa kikombe kidogo badala ya chupa, kwani kikombe ni rahisi kuosha na hakimfundishi mtoto namna nyingine ya kunyonya. Ukirudi, mnyonyeshe usiku kila anapotaka. Homoni inayotengeneza maziwa huwa nyingi zaidi usiku, kwa hiyo mama anayeshinda safarini anaweza kufidia kitandani, amelala ubavu na mtoto amelala ubavu kumwelekea.

Titi likiwa jekundu, lina uvimbe na homa imepanda, endelea kunyonyesha na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama mtoto haongezeki uzito, au kama baada ya wiki ya kwanza anakojoa chini ya mara 6 kwa siku. Wapo wachache wenye ulimi ulioshikwa chini, na hao wanahitaji mtaalamu.

Sasa turudi kwenye jengo. Namanga na Busia zilizinduliwa rasmi mwaka 2018 kama vituo vya pamoja, ofisa wa nchi hii na wa nchi ile chini ya paa moja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizo kwenye orodha na zisizozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani ana utaratibu wake mwepesi na cheti chake rahisi cha uasili. Haya ni mafanikio na nimeyaandika mara nyingi kwa furaha. Lakini vituo hivi vilichorwa kwa kufikiria lori. Kuna mizani ya lori, mashine ya kuchunguza lori, maegesho ya lori. Anayevuka kwa miguu na mtoto mgongoni aliingia kwenye mchoro baadaye, na benchi lake halikuingia kabisa.

Sheria nazo zimemruka. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Ni sheria nzuri, ila zote zinamtafuta mwajiri. Muuza maharage na muuza vitenge wamejiajiri wenyewe, na mahali pao pa kazi ni hilo jengo la forodha na soko lililo kando yake. Anayemiliki jengo ndiye anayepaswa kuulizwa.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni bajeti. Sijaomba ghorofa. Naomba benchi lenye egemeo, pazia, bomba la maji safi na namba ya foleni ambayo mama akiondoka nayo dakika ishirini haipotezi nafasi yake. La pili ni kwamba mtoto abaki nyumbani. Wa miezi minane sawa, anaweza kula uji. Wa miezi miwili hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na safari ya mpakani ikianza alfajiri na kuisha usiku, hesabu haikubali. La tatu, atakalolisema ofisa mkongwe wa forodha, ni kwamba mbeleko huficha vitenge visivyolipiwa ushuru. Kweli, na mimi nimewahi kuona. Amkague, kisha ampe kiti.

Kuna hasara ambayo mamlaka za mapato zinapaswa kuiogopa zaidi ya hiyo. Mama mwenye mtoto anayelia haingoji foleni ya saa tatu, anafuata njia ya panya. Huko anakutana na vijana wanaomtoza wanachotaka, mzigo wake hauandikwi popote, na utaratibu rahisi tuliouhangaikia miaka yote unabaki bila mtumiaji. Foleni anayoweza kuivumilia mtu mwenye kichanga ni sehemu ya kurahisisha biashara kama kilivyo cheti.

Si jambo jipya pia. Rubavu, upande wa Rwanda unaotazamana na Goma, walichoka kuona watoto wakiachwa kando ya njia mama zao wakivuka kuuza, wakaanzisha malezi ya watoto hao karibu na mpaka. Na katika vituo vyetu vikubwa tayari kuna ofisa wa afya, yule anayetazama kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mpeni picha nne za mtoto aliyeshika titi vizuri na aliyeshika vibaya, azibandike karibu na orodha ya ushuru. Siku foleni ni ndefu atoke nje ya kibanda, amtafute mama anayekunja uso, amsaidie kumgeuza mtoto. Ni kazi ya dakika mbili, nimeeleza ilivyonitokea.

Kila Agosti 1 hadi 7 tunaadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, na viongozi hupiga picha hospitalini na akina mama waliojifungua. Mwaka huu vyama vya wafanyabiashara wa mipakani viwaalike kwenye foleni. Viwe vimekwenda na barua moja, iliyosainiwa na wenyeviti wa pande zote mbili, ikiomba vitu vinne nilivyovitaja na siku ya kukamilika. Mafundi seremala wapo ng'ambo zote. Swali la upande upi utalipia mbao waachiwe maofisa wabishane nalo, mradi wabishane wakiwa wamesimama na akina mama wameketi.