Umri Mkubwa Si Kinga

Picha ya papa wa Greenland ikisambaa mtandaoni, maelezo huwa yale yale: huyu ana miaka 512. Si kweli. Utafiti wa mwaka 2016, uliopima kaboni katika lenzi za macho ya papa 28, ulimkadiria jike mkubwa kuliko wote kuwa na miaka 392, ukaacha nafasi ya kukosea miaka 120 juu au chini. Watu wakadaka 512, ile 272 hawakuitaka. Hesabu nawasamehe. Ninachokataa ni imani inayofuata: eti kiumbe aliyevuka karne zote hizo ni sugu, hana wa kumtishia.

Jike wa papa huyu anakadiriwa kufikia umri wa kuzaa akikaribia miaka 150. Ukimvua ana 100, umevua mtoto. Zamani waliwindwa kwa mafuta ya maini. Siku hizi hunaswa katika nyavu na mishipi iliyotegewa samaki wengine, na pengo la mmoja halizibiki katika uhai wa mvuvi, wala wa wajukuu zake.

Asiyeshawishika aende mtoni. Kome wa lulu wa mito ya Uskoti na Skandinavia hutosha kiganjani, hana jino, naye pia huvuka miaka 100. Jike humwaga mabuu kwa mamilioni. Kila buu ni kijigamba kidogo mno kinachofunga kama mtego wa panya kwenye matamvua ya samoni au trauti. Likimkosa samaki, limekwisha. Wachache wanaobahatika hudondoka baadaye na kujichimbia kwenye changarawe miaka kadhaa. Hapo ndipo tope la mashambani huwakuta, likaziba upenyo wa maji, wakakosa hewa.

Wazee juu yao hawana habari. Wanaendelea kuchuja maji, nusu gamba nje, nusu mchangani. Mpita njia anaona kome tele, anasema mto huu mzima. Kumbe hakuna aliyezaliwa na kukua humo kwa miongo.

Uingereza ilipiga marufuku kuwachukua mwaka 1998. Sawa, lakini sheria hiyo humzuia mwindaji lulu. Tope haliogopi faini. Afisa akija na takwimu za kome maelfu kwa maelfu, asipigiwe makofi kabla hajaonyesha wadogo wako wapi.