Nyumba kwa Mtu na Wanyama Wake

Mtu ahamaye huwa na mali ya namna mbili: vitu visivyo na uhai na viumbe wenye uhai. Kitanda kikiuzwa hakimtafuti aliyekiuza. Kabati likiachwa nyuma haliingiwi na huzuni. Lakini mbwa aliyeachwa hukaa mbele ya mlango uliofungwa akingoja nyayo azijuazo, na paka aliyeachwa huzunguka dirisha la nyumba ambayo sasa ina watu wengine. Kwa hiyo si haki kumwambia mtu aache wanyama wake kama aachavyo meza. Walakini hayo ndiyo maneno yasemwayo kila siku katika miji yetu. Malangoni pa nyumba za kupanga, au vinywani mwa madalali, iko amri moja fupi: hakuna mbwa, hakuna paka. Ninaipinga amri hiyo. Siipingi kwa kuwa mwenye nyumba hana haki juu ya mali yake, haki anayo. Naipinga kwa kuwa ni hukumu itolewayo kabla ya kesi kusikizwa.

Tuwatazame kwanza wale wanaopatwa na amri hiyo. Mwenye shamba lake hasumbuki. Kijijini mbwa ni mlinzi wa boma na paka ni mlinzi wa ghala, wala hapana amwulizaye mtu anao wangapi. Asumbukaye ni yule ambaye kazi yake humhamisha: mwalimu, askari, muuguzi, karani wa serikali. Huyu hupewa barua leo, na baada ya majuma machache hutakiwa kuwa amekwisha ripoti mahali ambapo hana ndugu wala rafiki. Hana nafasi ya kujenga, lazima apange. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika miji ya Kenya kaya za wapangaji ni nyingi kwa mbali kuliko kaya zikaazo katika nyumba zao wenyewe. Basi wenye nyumba wakishika desturi moja, hata bila kufanya mkutano, desturi hiyo huwa kama sheria ya mji, ingawa hapana bunge lililoipitisha. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Mimi mwenyewe nilihamishwa kutoka Taita kwenda Nakuru, nikiwa na mbwa wawili na paka watatu. Kwa muda wa siku ishirini nilizunguka mjini. Dalali wa kwanza aliniuliza kazi yangu, mshahara wangu na idadi ya watoto wangu, akaridhika na yote. Lakini alipowasikia wanyama alifunga daftari lake kabla sijamaliza sentensi. Wa pili alisema paka mmoja atavumiliwa, watano wa jumla ni maonyesho. Wa tatu aliniambia kwa sauti ya upole, "Mwalimu, si uwaache huko huko? Hapa utapata wengine." Nyumba saba nilizikosa kwa namna hiyo. Ajabu yake ni hii: katika wote walionikatalia, hata mmoja hakuuliza kama wanyama wale wamechanjwa, kama wamehasiwa, wanalala wapi, au nani huwatunza niwapo darasani. Mtu asiyeuliza hataki kujua. Amekwisha kata shauri.

Sasa tuzipime hoja za wenye nyumba, maana adabu ya mabishano ni kumsikiliza mpinzani. Hoja ya kwanza ni uharibifu. Wanasema mbwa hutafuna milango na paka huparua pazia. Ni kweli, wako wafanyao hivyo. Lakini watoto huchora kutani, walevi huvunja vioo, na wapishi wazembe huunguza dari, hata hivyo hapana tangazo lisemalo "Hakuna watoto, hakuna wapishi." Kwa makosa hayo yote mwenye nyumba hushika amana, na mpangaji ahamapo hukatwa gharama ya alichoharibu. Kama amana yatosha kwa mkono wa mtu, kwa nini isitoshe kwa ukucha wa paka? Zaidi ya hayo, paka akiondoka panya hutawala. Mwenye nyumba amfukuzaye paka kwa kuhofia pazia hununua sumu ya panya kwa fedha ile ile.

Hoja ya pili ni kelele na uchafu. Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa bila maji wala matembezi atabweka usiku kucha, na jirani ana haki ya usingizi wake. Lakini chunguzeni, wasomaji: kosa hilo ni la mbwa au la mwenye mbwa? Mnyama alishwaye kwa saa, atembezwaye asubuhi na jioni, na ambaye uchafu wake huzolewa kila siku, hana kelele nyingi kuliko redio ya jirani. Wenye nyumba hupenda kusema samaki mmoja akioza wote wameoza. Mithali hiyo ni kweli kwa samaki walio katika tenga moja. Wapangaji si samaki, wala mwenye paka wa Nakuru hakuoza kwa sababu mwenye mbwa wa Thika alikuwa mchafu.

Hoja ya tatu ni wingi. Wasema mmoja si neno, lakini wawili au watano ni balaa. Hesabu peke yake si kipimo. Paka watatu waliohasiwa, watumiao sanduku la mchanga lisafishwalo kila siku, hawanuki kama dume mmoja asiyehasiwa, ambaye hutia alama ya mkojo katika kila pembe. Kipimo cha haki ni nafasi na matunzo. Mbwa wanne wakubwa katika chumba kimoja ni mateso, kwao na kwa majirani, na hapo mwenye nyumba akikataa nitasimama upande wake. Mbwa wawili katika nyumba yenye ua na ukuta ni jambo jingine.

Hoja ya nne ni imani. Wako Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na mwenye nyumba wa imani hiyo akaaye ua mmoja na mpangaji wake ana sababu iliyo wazi ya kukataa mbwa. Sababu hiyo yastahili heshima. Lakini haimhusu paka. Apitaye vichochoro vya Lamu huwaona paka wakiishi na watu bila kufukuzwa. Hata sababu njema, basi, haihalalishi amri iwachanganyao wanyama wote pamoja.

Tena amri hii haiuondoi mnyama mjini. Humwondoa nyumbani tu. Mtu aliyebanwa na siku ya kuripoti kazini hufanya moja katika mawili: huwaficha wanyama wake, au huwatupa. Afichaye huwafungia ndani bila hewa, na mwenye nyumba hukosa hata ile nafasi ya kuweka masharti. Atupaye huongeza mbwa wa barabarani, na hapo ndipo hatari ya kweli ilipo. Karibu watu wote wapatwao na kichaa cha mbwa duniani hukipata kwa mbwa, na dalili zikisha kuonekana ugonjwa huo huua karibu kila mgonjwa. Wataalamu hufundisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizo hukatika. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa kikomo cha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo. Mbwa mwenye kwao ana mtu wa kumpeleka kuchanjwa. Mbwa aliyetupwa hana. Hivyo mwenye nyumba afungaye lango lake ili watoto wa ploti yake wawe salama huwaandalia watoto hao hatari barabarani, njiani kwenda shule.

Nchi nyingine zimekwisha liona jambo hili. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 9 Julai 1970, ilibatilisha sharti la kumkataza mpangaji kufuga mnyama nyumbani, ilimradi mnyama haharibu nyumba wala hasumbui majirani. Jimbo la Ontario, Kanada, lilifanya vivyo hivyo katika sheria yake ya mwaka 2006. Uingereza nayo, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2025, imeweka kwamba mpangaji aombaye kufuga mnyama asikataliwe bila sababu ya haki. Kwetu, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kupata makazi ya kufaa. Haisemi neno juu ya mbwa, wala sidai kwamba inasema. Lakini makazi yapatikanayo kwa sharti la kuwatupa viumbe uliowalea ni makazi yenye kasoro.

Ninachotaka si kigumu. Mwenye nyumba aulize kabla ya kukataa. Adai kuona kadi za chanjo. Adai amana zaidi kama ana hofu, akiandika katika mkataba kwamba itarudishwa pasipokuwa na uharibifu. Adai barua ya mwenye nyumba wa zamani. Aandike kwamba malalamiko ya kweli yakirudiwa baada ya onyo, mpangaji atahama. Masharti kama hayo ndiyo niliyopewa na mama mmoja mwenye nyumba pembezoni mwa mji wa Nakuru, nami nikayakubali kwa furaha, kwa kuwa yalinihukumu kwa mwenendo wangu.

Na sisi wafugaji tuna deni letu. Asiyeweza kuchanja asifuge. Asiyeweza kuhasi asilalamike akikataliwa na kundi la watoto wa paka. Afichaye idadi ya wanyama wake huwafungia mlango wafugaji wote watakaokuja baada yake.

Ninyi vijana msomao maneno haya, wengine wenu mtakuwa wenye nyumba na wengine wapangaji. Yamkini wengi mtakuwa yote mawili kwa zamu. Twawafundisha shuleni kwamba huruma kwa kiumbe asiye na kauli ni alama ya ungwana. Mafundisho hayo ni bure kama siku ya kuhama mtoto humwona baba yake akimfungua mbwa kando ya barabara na kurudi garini peke yake. Mnyama hana mkataba wala sauti ya kujitetea mbele ya dalali. Ana mtu mmoja tu, naye mtu huyo anaomba aulizwe maswali ya haki kabla ya kufungiwa lango.