Uwanja wa Watoto Uwe wa Watoto



Likizo iliyopita tuliandaa siku ya michezo kwa watoto wa shule ya Jumapili. Mimi nilikabidhiwa sanduku la huduma ya kwanza kama kawaida, maana mahali popote palipo na watoto zaidi ya kumi, muuguzi hana mapumziko. Mpira ulichezwa kwenye uwanja wa watu wazima, ule mkubwa wenyewe. Watoto wa miaka sita hadi kumi na moja waligawanywa, kumi na mmoja huku na kumi na mmoja kule, na wengine tisa wakakalishwa chini ya mwembe wawe akiba. Hakuna aliyeona kosa. Hata mimi sikuliona.

Kitindamimba wangu ana miaka saba. Aliwekwa golini kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. (Mmewahi kuangalia ni nani huwekwa golini? Ni mtoto mdogo au mtoto mnene, kana kwamba goli ni stoo ya kuwekea watoto tusiojua tuwafanyie nini.) Goli la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mwanangu akinyoosha mikono juu hafiki mbali zaidi ya mita moja na nusu. Alifungwa mabao tisa, na kila bao lilipoingia baba mmoja pembeni alimpigia kelele aamke. Usiku, nilipokuwa namfunika shuka, aliniambia, "Mama, mimi mpira sitaki tena."

Kesho yake nilimwuliza binti wa jirani, naye alicheza pembeni kushoto, kama alifurahi. Akasema ndiyo, mpira aliugusa mara moja. Ulitoka nje, akaurusha.

Nikakaa na kalamu nikapiga hesabu. Mpira ni mmoja, watoto ni 22, dakika ni 40. Hata ukigawa sawasawa kama mkate, kila mtoto anapata chini ya dakika mbili. Tena mpira haugawanyiki sawasawa, kwa sababu yule mwenye miaka kumi na moja na miguu mirefu atajichukulia dakika zake kumi. Sasa weka watoto wanne kwa wanne kwa dakika zile zile 40. Fungu la kila mmoja linakuwa dakika tano. Wale tisa wa chini ya mwembe ukawapa uwanja wao, nao wanacheza badala ya kuchimba mchanga kwa vijiti.

Watoto wenyewe wanajua jambo hili. Watazame wakicheza chandimu nyuma ya nyumba. Mpira ni wa matambara na nailoni uliofungwa kamba, goli ni ndala mbili zilizoachana hatua chache, na uwanja unaishia kwenye ukuta wa choo cha mama fulani. Wanne kwa wanne, watano kwa watano, kipa hakuna. Upande mmoja ukionewa sana, wanasimama, wanabishana kidogo, kisha mmoja anahamishwa. Hawakufundishwa na mtu. Sisi wakubwa ndio tunaokuja na filimbi na kuharibu.

Waingereza, ambao chama chao cha soka kiliandika sheria za mpira mwaka 1863, nao walikuja kuona kosa hilo. Mwaka 2012 chama hicho cha England kilipiga kura kubadili mpira wa watoto. Wenye umri wa chini ya miaka saba na chini ya minane wakawekwa kucheza watano kwa watano, katika uwanja wa kama mita 37 kwa 27, na goli la upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 1.83. Wa chini ya tisa na kumi, saba kwa saba. Wa chini ya kumi na moja na kumi na mbili, tisa kwa tisa. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja wakaambiwa wasubiri mpaka kundi la chini ya miaka kumi na mitatu. Misimamo ya ligi nayo ikaondolewa kwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Baadaye wakaona bado ni wengi, wakapanga kuwa kuanzia msimu wa 2026/27 wadogo kabisa waanze na watatu kwa watatu, na wale kumi na mmoja wasogezwe mbele mwaka mmoja zaidi.

Wajerumani wamekwenda mbali kuliko hapo. Tangu msimu wa 2024/25 watoto wao wa mpaka chini ya miaka kumi na moja wanacheza kwa mtindo mpya. Walio wadogo kabisa hucheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, na kuna magoli madogo manne, mawili kila upande. Kipa hayupo. Bao likiingia, kila timu inatoa mchezaji mmoja na kuingiza mwingine kwa zamu, hivyo hakuna mtoto wa kukaa benchi siku nzima akiwa amevaa jezi safi. Timu iliyoshinda inahamia uwanja unaofuata ikutane na wenye nguvu zaidi, iliyoshindwa inashuka uwanja mmoja. Baada ya raundi mbili tatu kila mtoto anajikuta anacheza na wa kiwango chake.

Nikipewa ruhusa ya kuchagua, kwa watoto wa chini ya miaka minane ningechukua mtindo wa Wajerumani bila kufikiri mara mbili. Hauhitaji nguzo wala nyavu. Makopo manane yanatosha.

Sheria nyingine za mpira wa watoto ni nyepesi. Hakuna kuotea katika mchezo wa watano wala wa saba, na niseme ukweli, nilifurahi, maana kuotea hata baba watoto amenieleza miaka kumi na minane bado sijakuelewa. Mtoto aliyetolewa anaweza kurudi wakati wowote. Kipa akianza mpira kutoka golini, wapinzani hurudi nyuma kwenye nusu yao, ili naye apate nafasi ya kumpasia mwenzake wa karibu badala ya kuupiga juu ovyo. Na kuna moja iliyonipendeza sana: katika baadhi ya mashindano ya watoto huko England, timu ikiwa nyuma kwa mabao manne inaruhusiwa kuongeza mchezaji mmoja, mpaka tofauti ipungue. Ni chandimu ile ile, ila imeandikwa kwenye karatasi.

Mpira wenyewe uwe namba tatu kwa wadogo. Mpira wa watu wazima ni namba tano, una uzito wa gramu 410 hadi 450, na ukilowa mvua unazidi. Mtoto wa kilo ishirini akiupiga kwa nguvu, anayeumia ni kifundo chake cha mguu.

Sasa naja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike mwezi huu, na si rahisi kwangu kulisema.

Siku ile ile, kipindi cha pili, mpira ulipigwa juu katikati ya uwanja. Mvulana wa miaka minane na mwingine wa kumi na moja waliruka pamoja, vichwa vikagongana. Mdogo alianguka. Nilikimbia na sanduku langu. Alikuwa amefumbua macho, akaniambia jina lake, damu hakuna. Nilimwosha uso kwa maji. Akanisihi, "Shikamoo nesi, nimepona, niache nicheze." Timu yake ilikuwa inasubiri, kocha alikuwa anatazama saa. Nikamwacha akarudi uwanjani.

Jioni mama yake alinipigia simu. Mtoto ametapika mara mbili na anauliza swali moja tena na tena, leo ni siku gani. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa kuangaliwa usiku kucha. Namshukuru Mungu alitoka salama. Lakini mimi ni muuguzi wa zaidi ya miaka ishirini, na nilijua kabisa kwamba mtoto aliyegongwa kichwa harudi mchezoni siku hiyo. Nilijua, nikamwachia kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Mama yule hakunilaumu hata neno moja, na hilo limeniuma zaidi.

Basi mama mwenzangu, lisikupite kama lilivyonipita mimi. Ubongo unaweza kutikisika ndani ya fuvu bila jeraha lolote kuonekana nje, na mtoto si lazima azimie. Ukimwona baada ya kugongwa ameduwaa, analalamika kichwa kinauma, anaona kizunguzungu, anapepesuka, hakumbuki bao lililofungwa sasa hivi, au amekuwa mkali na mwenye kulia bila sababu, mtoe. Usimwulize kama anataka kuendelea, maana atasema ndiyo. Siku ile asirudi kabisa, hata akichangamka. Siku moja au mbili zinazofuata apumzike, asikimbiekimbie, na asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Huko Uingereza mwongozo wa mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani na mashuleni unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, tena awe hana dalili.

Akitapika tena na tena, akipata degedege, maumivu ya kichwa yakizidi, usingizi ukiwa mzito hata kumwamsha ni shida, mkono au mguu ukilegea, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji au damu ikitoka masikioni au puani, usingoje asubuhi. Usimpe kitu cha kumlaza. Mpeleke hospitali.

Kuhusu kupiga mpira kwa kichwa, wenzetu wamekwisha kuweka sheria. Marekani ilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka kumi na chini yake wasipige kichwa kabisa. Februari 2020 vyama vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilisema watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini, na tangu msimu wa 2024/25 England imeanza kukataza hata kwenye mechi, ikianza na wadogo na kupanda mwaka hadi mwaka. Miezi michache kabla ya tamko lile la 2020, Chuo Kikuu cha Glasgow kilitoa utafiti wa wachezaji wa kulipwa wa zamani 7,676 wa Scotland, ukaonyesha kwamba walikufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine wa rika lao. Wale walikuwa watu wazima waliocheza miaka mingi, kwa hiyo msiende kuwatisha watoto kwamba mpira utawaua. Lakini mtoto wa miaka minane hapotezi chochote asipopiga kichwa. Kwenye uwanja mdogo mpira mara nyingi hutembea chini, wala hana haja nacho.

Mambo mawili madogo ya kiuguzi. Msichore mistari kwa chokaa mbichi, inaunguza macho. Tumieni majivu yaliyopoa au kamba. Na goli la chuma la kuhamishika lifungwe chini, wala mtoto asining'inie kwenye mwamba wake. Magoli yaliyoanguka yameua watoto katika nchi mbalimbali.

Kwenye kikao cha kamati nilieleza haya yote, pamoja na kosa langu. Mzee mmoja alisema tunawadekeza watoto, mpira ni kumi na moja tangu enzi. Nilimjibu, "Shikamoo mzee, lakini mjukuu wako alikuwa chini ya mwembe saa nzima." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kamba zitapatikana wapi.

Mwezi uliopita tulijaribu. Uwanja ule mmoja ulitoa viwanja vinne. Tuliwapanga kwa umri, wasichana na wavulana pamoja kwa wale wadogo, dakika kumi kumi, maji kila baada ya mchezo. Wazazi tuliwaweka nyuma ya kamba, hatua kumi kutoka mstarini, na tukawaomba wapige makofi tu. Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Baba yule wa "amka" alivumilia mpaka mchezo wa pili.

Mwanangu alikuja kuangalia tu, akakaa juu ya sanduku langu. Mchezo wa tatu timu moja ikapungukiwa mtu, wakamwita. Akauliza kama kuna kipa. Wakamwambia hakuna. Akavua ndala, akaniachia, akaingia.