Chuma cha kwanza hakina haraka

Anayeingia jimu kwa mara ya kwanza, hata akiwa mkulima wa Ruangwa aliyezoea kupalilia ufuta tangu alfajiri, hupatwa na aibu ileile: anadhani macho yote yako kwake. Kumbe kila mmoja anahesabu zake.

Kwenye jimu nyingi za mtaani, chuma chenyewe ni bomba lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji, moja huku na jingine kule. Makopo hayana alama ya kilo, na pengine upande mmoja huwa mzito kuliko wa pili. Mgeni mwerevu hulinyanyua kwanza kutoka chini, akalipima kwa mikono, ndipo alale kwenye benchi. Hapo pia huomba mwenzake asimame kichwani, tayari kulidaka.

Kinachowaponza wengi ni pupa. Misuli isiyozoea huuma zaidi siku moja hadi tatu baadaye, mpaka kuchuchumaa chooni kunakuwa shughuli.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu walau siku 2. Kwa anayeanza, siku hizo 2 zinamtosha.

Asiye na ada ya jimu naye asikate tamaa. Ruangwa ni nyumbani kwa Namungo, timu ya soka iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na kukimbia polepole asubuhi barabarani kuelekea Uwanja wa Majaliwa hakuna kiingilio.